Lenzi Isiyo na Kope

Mfagiaji wa ukumbi wa muziki ndiye aliyemkuta Mzee Kivuli, asubuhi ya Jumapili, chini ya ngazi za chuma zinazopanda kutoka ushoroba wa nyuma hadi kwenye roshani ya taa. Mzee alikuwa amelala ubavu juu ya saruji, miguu ingali kwenye kidato cha pili, mkono mmoja umebanwa chini ya kifua. Damu iliyotoka nyuma ya sikio ilikuwa imekwisha kukauka. Mfagiaji alidhani ni maiti, ufagio ukamponyoka. Ndipo kishindo cha mpini kilipomfanya mzee agune, na yule mama akatimua mbio kutafuta watu huku akilia.

Inspekta alifika gari la wagonjwa likiwa limekwisha kuondoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kuuliza swali moja mara mbili kwa sauti ileile. Alisimama mbele ya ngazi bila kuzigusa, akamwita sajini wake.

"Nieleze ulichokikuta."

"Mzee alikuwa hapa, Afande. Ni mpiga picha, anajulikana sana hapa. Kamera yake ilikuwa pale, kwenye kidato cha chini kabisa. Pochi imo mfukoni, simu imo, saa iko mkononi."

"Kamera ilikuwaje?"

"Nzima, Afande."

"Ilikuwaje?"

Sajini akafikiri upya. "Imekaa. Imewekwa kitako, imeelekezwa ukutani, lenzi imefunikwa. Niliichukua kwa glavu nikaitia kwenye mfuko kama ilivyokuwa. Nilipofungua kijumba cha kadi ya picha, nikakuta kitupu."

Inspekta akaupokea ule mfuko wa plastiki, akaugeuza kwenye mwanga. Kamera ilikuwa kuukuu, imefutika maandishi kwa kushikwa. Kifuniko cha lenzi kilikuwa cheusi, cha kawaida, kimechakaa. Upande mmoja wa ukingo wake ulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kana kwamba panya alijaribu kukitafuna akaahirisha.

"Mtu ameanguka akapasuka kichwa," akasema taratibu, "lakini kamera yake haikuanguka. Ilikaa. Na mwizi wa kamera huchukua kamera. Huyu alichukua picha."

Ilibidi kwanza aelezwe picha hizo zilikuwa na thamani gani. Jumamosi alasiri, katika ukumbi ule, aliimba Chiriku, mwimbaji ambaye sauti yake ilisikika katika kila saluni na kila kibanda cha simu. Chiriku alikuwa anajiandaa kwa ziara ya mwaka mzima, na alitaka mpiga picha mmoja wa kusafiri naye, kwa mshahara wa kila mwezi. Wapiga picha wa muziki walikuwa wameanza kulisahau neno hilo, mshahara. Magazeti yalikuwa yameacha kununua picha zao. Mashabiki walizirusha za kwao kwa simu kabla mpiga picha hajafika mlangoni. Na kila mwaka walizuka vijana waliojitolea kufanya kazi bure, mradi tu majina yao yaandikwe chini ya picha. Kazi ya Chiriku ilikuwa mkate katika jangwa. Waliitwa watu watatu kuigombea: Mzee Kivuli, mwanamke aliyeitwa Nyigu, na kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mzee, ambaye wenzake walimwita Bubu. Watatu hao waliingizwa kwenye mfereji, yaani ule mwanya mwembamba ulio baina ya jukwaa na uzio wa watazamaji. Sheria ilikuwa ileile inayofuatwa katika kila onyesho: nyimbo tatu za mwanzo, kisha kamera chini na kila mpiga picha nje. Jumatatu asubuhi walete picha zao, mmoja achaguliwe.

"Kwa hiyo ilipofika Jumamosi jioni," akasema Inspekta, "walikuwa watatu. Leo wamebaki wawili."

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Meneja, kaka wa Chiriku, mtu mnene mwenye simu mbili zilizokuwa zikiita kwa zamu. Alipokelea maswali ofisini mwake, mlemle ukumbini.

"Najua mnachokitafuta kwangu," akaanza kabla hajaulizwa. "Nilisema mbele ya watu kwamba mpiga picha atakayepiga baada ya wimbo wa tatu, walinzi wachukue kadi yake. Nilisema na ninarudia. Picha za dada yangu ni biashara, si njugu za kugawa."

"Walichukua kadi ya nani?"

"Hawakuchukua ya mtu yeyote. Wote walitoka mferejini."

"Hata Mzee Kivuli?"

"Alitoka. Alikokwenda baadaye, muulize fundi wa taa. Hao wawili ni chanda na pete."

"Wewe ulikuwa wapi onyesho lilipokwisha?"

"Ubavuni kwa dada yangu, kutoka jukwaani mpaka kwenye gari. Waulize walinzi, waulize mashabiki waliotukanyaga miguu." Simu moja ikaita, akaizima. "Sasa na mimi niulize. Nyigu mmeshamhoji?"

"Kwa nini Nyigu?"

"Walinzi walimsikia. Alimwambia yule mzee, 'Toka mbele yangu kabla sijakutoa mwenyewe.' Halafu baada ya onyesho wakamwona anatoka ushoroba wa nyuma. Basi, kwangu mimi huyo nimeshamfuta. Mtu mwenye doa hasafiri na dada yangu."

"Sijamtuhumu mtu."

"Umtuhumu usimtuhumu, Afande, watu wameshasikia. Kesho asubuhi tunachagua. Mpaka hapo kama hamjapata mwingine, kazi ni ya Bubu."

Inspekta akatoka. Aliwauliza walinzi, nao wakathibitisha kwamba Meneja hakutoka ubavuni kwa dada yake hata kwenda kunawa mikono. Walithibitisha pia habari za Nyigu, kwa raha ambayo Inspekta hakuipenda.

Nyigu aliletwa kituoni akiwa na begi la kamera mgongoni na hasira usoni. Alikuwa mama wa watoto pacha, aliyekuwa akiwalea peke yake. Aliketi, akafungua begi bila kuombwa, akaziweka mezani kamera zake mbili.

"Pekueni. Kadi zangu zimo, picha zangu zimo. Mkimaliza mniambie, maana nina watoto nyumbani na kesho nina mtihani."

"Ulimwambia Mzee Kivuli kwamba utamtoa mwenyewe?"

"Nilimwambia. Na yeye akanijibu, 'Mwanangu, mgongo wangu ni mpana, lakini hauwezi kula nyimbo zote tatu.' Akanipisha pembeni. Hivyo ndivyo tunavyoamkiana mferejini, Afande. Mtu anayetaka adabu akapige picha za harusi."

"Ulifuata nini kwenye ushoroba wa nyuma?"

"Choo. Kisha nikampigia jirani simu awape wanangu chakula, maana mbele kulikuwa na kelele. Hamwezi kuliona hilo kwenye simu yangu?"

Sajini akaiangalia ile simu. Akaitikia kwa kichwa.

"Simu haisemi ulisimama wapi," akasema Inspekta. "Mzee huyo hupanda kwenye roshani ya taa baada ya wimbo wa tatu. Ulijua?"

Nyigu akapunguza sauti kwa mara ya kwanza. "Nani asiyejua? Sisi tunatolewa nje kama kuku, yeye anapanda kwa rafiki yake. Linaniuma, sikatai. Lakini niibe kadi? Ya nini? Ningeiba kamera! Ile lenzi yake peke yake ingewalipia wanangu wote wawili ada ya shule."

Sajini alicheka, kisha akakumbuka alipo, akakohoa.

Inspekta alikuwa amekwisha kuona kwamba vifuniko vya lenzi za Nyigu vilifungwa kwa nyuzi nyeusi, kila kimoja na kamera yake. Akavigusa kwa ncha ya kalamu.

"Hizi kamba?"

"Wanangu walikigeuza kimoja kuwa sahani ya mwanasesere. Tangu siku hiyo nimevifunga kama mbuzi."

"Na huyo Bubu, ni bubu kweli?"

"Ebo! Nje ya kazi anaongea kama redio. Jina nimempa mimi, kwa sababu kazini hajibu salamu. Si kiburi, mdomo wake huwa na kazi nyingine. Ukimwamkia anakukodolea macho tu, kama mbwa aliyebeba mfupa." Akaanza kufunga begi lake, kisha akaacha. "Afande, kesho nikiingia pale watu wakaninong'onea, nimekwisha. Si kwa Chiriku tu. Mji huu mdogo kwa watu wa kazi yetu. Nani ataniita tena?"

"Kesho njoo," akasema Inspekta. "Njoo na kamera zako."

Hospitalini, nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, mke wa Mzee Kivuli alikuwa ameketi kwenye benchi, na kando yake kijana mrefu mwenye shati safi akimmiminia chai kutoka kwenye chupa. Huyo ndiye Bubu.

"Kunywa, Mama. Hata akiamka atanigombeza mimi, siyo wewe."

"Daktari anasemaje?" Inspekta akauliza.

"Anapumua," akajibu mama. "Wanasema baridi ya sakafu ilimdhuru kuliko pigo lenyewe. Angepatikana mapema... Mume wangu alilala juu ya saruji usiku kucha kama gunia."

Bubu akakiweka kikombe chini. Inspekta akamwomba wasogee dirishani.

"Umekuwa naye muda gani?"

"Miaka minane, Afande. Nilianza kwa kumbebea mabegi. Kila ninachokijua kanifundisha yeye. Mimi sina baba; yeye ndiye baba."

"Jumamosi ulikuwa wapi baada ya wimbo wa tatu?"

"Nilitoka mferejini kama sheria inavyotaka, nikazunguka, nikasimama mlango mkuu nyuma ya watazamaji mpaka mwisho. Kisha nikaenda nyumbani."

"Unamdhania nani?"

"Sipendi kumsema mtu." Akatupia jicho benchi alipoketi mama. "Lakini Nyigu na mzee hawakuwa wakielewana. Na yule dada ana shida nyingi. Mtu mwenye shida..."

"Nionyeshe picha zako."

Alitoa kamera kwenye begi. Lenzi ilikuwa imefungwa kitambaa laini kwa mpira wa kufungia noti. Alikifungua kwa uangalifu, akakikunja, akakitia mfukoni, ndipo akawasha kamera. Picha zilikuwa nzuri: Chiriku wa wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, baada ya hapo hapakuwa na picha hata moja. Alipomaliza aliifunga tena lenzi kama mtu anayemfunika mtoto mchanga.

"Kesho utakwenda?" Inspekta akauliza.

"Nitakwenda, Afande. Sina namna. Baba mkwe wangu ameshanunua mashine ya kunyolea nywele. Amesema nikikosa hii, Jumanne ninafungua duka la kunyolea." Akajaribu kucheka. "Na atanisimamia mwenyewe."

Jioni Inspekta alirudi ukumbini, akapanda zile ngazi za chuma. Fundi wa taa alikuwa juu, ameketi mbele ya mitambo yake iliyozimwa. Alikuwa amelia, wala hakujaribu kuficha.

"Mimi hutoka upande wa pili, Afande, kwa ngazi za ukumbini, kwa sababu gari langu hukaa mbele. Yeye alishuka mapema kidogo, mimi nikabaki kuzima mitambo. Ningepita nyuma siku hiyo moja tu, ningemkuta."

"Alikuwa akipanda hapa kufanya nini?"

"Alisema magoti yake yanapenda kuona mwisho wa onyesho. Na kupiga picha. Nilikuwa nasikia kamera inalia nyuma yangu."

"Akimpiga Chiriku?"

"Sijui. Macho yangu yako jukwaani na vidole viko kwenye taa. Yeye hukaa nyuma yangu, pale kwenye ukingo."

Inspekta akaenda kusimama kwenye ukingo ule. Mbele yake palisimama nguzo nene ya zege. Aliinama kulia, akainama kushoto. Akatazama chini: viti, njia za kupitia, mlango mkuu. Alikaa pale kitambo, kisha akarudi, akautoa ule mfuko wa plastiki.

"Kamera yake ni hii?"

Fundi akaitazama, na uso wake uliojaa huzuni ukaingiwa na mshangao. "Ndiyo. Lakini nani kaivalisha kofia?"

"Una maana gani?"

"Kamera hii haijawahi kufunikwa. Sisi sote tulikuwa tunamtania. 'Mzee, funika jicho, vumbi hilo!' Naye anajibu, 'Lenzi yangu haina kope. Siku nitakayoifumba ndiyo siku atakayocheka mwimbaji.' Muulize mkewe."

Inspekta alimpigia simu mke wa mzee palepale. Jibu lilikuwa fupi: nyumbani mlikuwa na kopo zima la vifuniko vya lenzi, vipya, na hakuna hata kimoja kilichowahi kutoka nje ya mlango. Inspekta akashukuru. Kisha akaketi kwenye kiti cha fundi, akakisogeza kile kifuniko karibu na macho, akavitazama tena vile vishimo vya ukingoni. Havikuwa vya panya.

Jumatatu asubuhi walikutana ofisini kwa Meneja. Chiriku mwenyewe alikuwapo, amevaa gauni la nyumbani na miwani, mdogo kuliko anavyoonekana jukwaani. Nyigu aliketi peke yake upande mmoja. Bubu upande wa pili. Fundi wa taa alisimama karibu na mlango. Dirisha lilikuwa wazi, na nje yake mfagiaji alikuwa akifagia uwanja mkavu, kama Inspekta alivyomwomba afanye.

"Kabla hamjachagua," akasema Inspekta, "naomba kila mpiga picha aweke kamera yake mezani."

Nyigu akaweka mbili. Bubu akaweka moja, imefungwa kitambaa. Inspekta akaweka ya nne, ya Mzee Kivuli, lenzi ikiwa wazi, ikitazama dirishani. Kisha akaanza kueleza, bila haraka, mambo ambayo kila mmoja aliyajua: nani aliketi wapi, nani alitoka lini. Meneja akapiga miayo. Vumbi la uwanjani likaingia, likaelea kwenye mwanga, likaanza kutua juu ya meza.

Nyigu alifunika lenzi zake bila kutazama. Bubu alikuwa akiitazama ile kamera iliyokuwa wazi. Alijisogeza kitini. Akatazama pembeni, akairudia. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe hadi kwenye mfuko wa shati, ukatoka mtupu. Ukashuka hadi mfuko wa suruali, nao ukatoka mtupu.

"Unatafuta nini?" Inspekta akauliza.

Kijana akashtuka. "Hakuna kitu, Afande. Nilitaka... Lile vumbi litaingia kwenye lenzi."

"Ulitaka kuifunika."

"Ndiyo."

"Kwa kifuniko chako. Kiko wapi?"

"Kimepotea. Muda mrefu sasa."

"Mwongo!" Nyigu akadakia. "Jumamosi ulikuwa nacho. Nimekuamkia, umenikodolea macho kama kawaida yako, kifuniko kimo menoni!"

Inspekta akatoa mfuko mdogo wenye kile kifuniko, akauweka chini ya macho ya Bubu. "Hiki kilikuwa kwenye kamera ya mzee. Mzee hakuwahi kufunika lenzi yake maishani. Meneja hana kifuniko mfukoni, wala walinzi hawana. Nyigu amevifunga vyake kwa uzi. Mtu aliyefanya hivi alikuwa mpiga picha mwenye kifuniko kisicho na kamba, ambaye mkono wake hauwezi kuiacha lenzi uchi mahali penye vumbi, hata kama yuko katikati ya uovu. Na ukingo huu una alama za meno. Unataka tumwite daktari apime ya kwako?"

Bubu alikitazama kile kifuniko, na mdomo wake ukafanya kitendo kidogo, kana kwamba unakikumbuka.

"Sikumsukuma," akasema.

"Sema ulichokifanya."

"Nilimngoja chini ya ngazi. Nilitaka kuziona picha zake. Akasema, 'Utaziona Jumatatu pamoja na wenzako.' Anacheka. Nikaushika mkanda wa kamera, naye akavuta. Mkanda ukamtoka shingoni, kamera ikabaki mikononi mwangu, na yeye..." Akafumbua viganja vyake. "Yeye akaenda chini."

"Kwa nini?" Fundi wa taa akauliza kwa sauti iliyopasuka. "Mtu aliyekulea!"

Bubu akamgeukia kwa ghafla, na maneno yakamtoka yakiwa yamejipanga, kama yaliyokaririwa kwa muda mrefu. "Ndiye aliyenifundisha! 'Wimbo wa tatu ukiisha, shusha kamera, hata malaika akishuka jukwaani.' Nikashusha. Miaka yote nashusha. Nimeacha picha ambazo zingenijengea nyumba, nikashusha. Kisha nasimama mlangoni namwona yeye, mwenye sheria, yuko juu kwenye roshani anapiga wimbo wa nne na wa tano na wa mwisho. Na safari hii mshindi ni mmoja tu. Mimi nina nini? Nina mashine ya kunyolea inayoningoja. Nilitaka tu tuwe sawa. Nyimbo tatu kwake, nyimbo tatu kwangu."

"Kadi iko wapi?"

Alivua kiatu cha kushoto. Kadi ilikuwa chini ya soli ya ndani, imefungwa ndani ya karatasi.

"Umezitazama?"

"Sikuthubutu. Wala sikuweza kuitupa. Kadi yenye picha haitupwi." Akaongeza kwa unyonge, "Hilo pia kanifundisha yeye."

Inspekta akampa sajini ile kadi, naye akaitia kwenye kompyuta ya Meneja. Wote wakasogea, isipokuwa Bubu, mpaka Inspekta alipomwamuru asimame atazame.

Zilianza picha za nyimbo tatu. Chiriku akiwa ameinamia kipaza sauti. Chiriku na jasho lake. Mkono wa Chiriku umeinuliwa, vidole vimetawanyika kwenye mwanga. Kisha pembe ya picha ikabadilika, ikawa ya kutazama kutoka juu. Lakini Chiriku hakuwamo. Mlikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake wakiimba midomo wazi. Mlikuwa na vidole vya fundi wa taa juu ya mitambo. Mlikuwa na mlinzi mwenye shingo nene akijifuta machozi akidhani hakuna anayemwona. Picha baada ya picha, uso baada ya uso.

"Pale anapokaa mzee kuna nguzo," akasema Inspekta. "Jukwaa halionekani. Nilisimama pale mwenyewe. Alipanda kupiga picha za watu."

Chiriku alivua miwani. "Huko juu hakunigeukia hata mara moja," akasema.

Sajini akabonyeza tena, ikaja picha ya mwisho. Ilikuwa ya mlango mkuu. Nyuma ya migongo ya watazamaji alisimama kijana mrefu peke yake, kamera imeshushwa mpaka kiunoni, kifuniko menoni, uso wote umemwagikiwa na mwanga wa jukwaani. Alikuwa akisikiliza. Katika picha ile hakuwa na wivu wala shida; alikuwa mtu anayeipenda kazi yake na anayeshika neno lake.

Bubu aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akashika ukingo wa meza.

"Nilidhani amekufa," akasema. "Naapa, Afande, nilidhani amekwisha kufa."

"Ulipiga magoti kumtazama?"

Bubu akatikisa kichwa.

"Alikuwa anapumua. Alipumua mpaka asubuhi. Simu ulikuwa nayo mfukoni. Ulikuwa na nafasi ya kutoa kadi, ya kuiweka kamera kitako isibingirike, ya kuigeuzia ukutani, ya kuifunika. Ulikumbuka kukinga kioo na vumbi, ukasahau kumkinga mtu na baridi. Na asubuhi ukaenda kumpa mkewe chai, ukamtaja Nyigu."

Sajini akatoa pingu. Bubu akanyoosha mikono mwenyewe.

Simu ya Inspekta ikaita, akaisikiliza, akaikata. "Mzee amefumbua macho," akasema. "Hajasema neno. Daktari hajui kama atasema."

Meneja alijikohoza, akaanza kumwelekea Nyigu kwa tabasamu jipya. "Basi, dada, mambo yamenyooka. Unajua, mimi tangu mwanzo..."

"Wewe tangu mwanzo ulinifuta," Nyigu akamkata. Macho yake yalikuwa mekundu. Akamgeukia Chiriku. "Kazi nitaichukua, sitajifanya. Nina watoto wawili. Lakini kwanza niulize swali nililonyimwa na kaka yako: umeziona picha zangu?"

"Sijaziona," akajibu Chiriku.

"Basi zitazame. Ukizipenda, uniite kwa ajili ya hizo. Zisipokufaa, uniambie hivyohivyo, nijue nimeshindwa na nini."

Chiriku akavuta kiti, akaketi, akanyoosha mkono apewe kamera.

Mlangoni Bubu alisita. Sajini alidhani anataka kumwambia mtu jambo la kuaga, akamwachia nafasi. Kijana alikuwa anaitazama kamera ya Mzee Kivuli, iliyobaki peke yake mezani, na vumbi likiendelea kuingia dirishani.

"Ifunikeni, jamani," akasema. "Itaharibika."

"Mwenyewe hakupenda," akajibu Inspekta.

Akaigeuza kamera kidogo kwa kidole, ielekee mlangoni. Lenzi ikabaki wazi, ikimtazama kijana mpaka alipotoka.